Biti ikiwa hewani haikati: muda unaopotea kwenye njia za ruta ya CNC

Kazi ikichelewa kwenye ruta ya CNC (mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta), wengi hukimbilia namba moja, kasi ya kukata. Unaipandisha kutoka milimita 3000 kwa dakika hadi 4500. Faili iliyokuwa ikichukua dakika 50 inashuka hadi 46. Biti, yaani kisu kinachozunguka, inaanza kupiga kelele, ukingo wa plaiwudi unachanika, na umeokoa dakika 4 tu.

Dakika hizo 4 zina habari muhimu. Kasi imepanda mara moja na nusu, kwa hiyo muda uliokuwa ukitegemea kasi hiyo ungepungua kwa theluthi moja. Theluthi iliyookolewa ni dakika 4, maana yake ni dakika 12 tu kati ya 50 zilizokuwa zikitumika kukata kwa kasi uliyoiandika. Zile 38 zilikuwa za kupanda na kushuka, kusafiri kutoka kipande hadi kipande, kupunguza mwendo kwenye kona, na kupita mahali ambapo mbao haipo. Hizo ndizo za kuwinda kwanza, na ukizipunguza biti haiongezewi mzigo hata kidogo.

Kipimo cha haraka cha kujua pa kuanzia: linganisha muda unaokadiriwa na programu ya CAM (inayogeuza mchoro kuwa njia za biti) na muda halisi wa saa. Kama mashine inachukua mara mbili ya makadirio, tatizo liko kwenye mchapuko, yaani jinsi mashine inavyoongeza na kupunguza kasi. Kama namba mbili zinakaribiana lakini zote ni kubwa, tatizo liko kwenye njia yenyewe. Tuanze na njia.

Urefu wa kuinuka

Urefu wa usalama ndio mlaji mkubwa wa muda kwenye kazi yenye matundu au vipande vingi, na watu wengi hawaugusi kabisa. Unakuta biti inainuka mm 25 juu ya mbao kila inapohama. Chukua shiti yenye matundu 200. Ukishusha urefu huo kutoka mm 25 hadi mm 3, kila tundu linapunguziwa mm 22 za kupanda na mm 22 za kushuka. Hizo ni mm 44 mara 200, jumla mm 8800. Mhimili wa Z, ule wa juu na chini, ndio mzito na mvivu kuliko yote kwenye ruta nyingi ndogo. Ukiwa unakwenda mm 1500 kwa dakika, hapo pekee umeondoa karibu dakika 6.

Kuna urefu wa pili unaojificha nyuma ya huo: ule ambapo mashine inaacha mwendo wa haraka wa G0 na kuanza kushuka kwa kasi ya kutoboa ya G1. Kama G1 inaanza mm 5 juu ya mbao kwa kasi ya mm 300 kwa dakika, kila tundu lina sekunde 1 nzima ya kukata hewa. Ianzishe mm 1 juu na inabaki sekunde 0.2. Kwa matundu 200 ni sekunde 160. Kwenye VCarve (programu ya CAM, kama ilivyo Fusion) hizi ni namba mbili zinazokaa pamoja kwenye mipangilio ya nyenzo. Kwenye Fusion kuna urefu tofauti wa safari ndefu, wa kuinuka kati ya mikato, na wa kuanzia kushuka taratibu. Mara nyingi ni huo wa katikati na wa mwisho unaotakiwa kushushwa, na ule wa safari ndefu unaweza kubaki juu kwa sababu hutumika mwanzoni na mwishoni mwa operesheni.

Wanaotumia leseni ya bure ya Fusion wana jambo la ziada la kujua: safari za hewani hazitoki kama G0, zinatoka kwa kasi ya kukata. Kwa hiyo kila milimita ya hewani inawagharimu zaidi, na urefu wa kuinuka unakuwa na uzito mkubwa kuliko kwa mtu mwingine.

Woga wa kushusha urefu una sababu mbili za kweli, nazo zishughulikiwe zenyewe. Ya kwanza ni vibano. Kibano cha mm 20 kikikaa kati ya vipande, biti itakipiga. Hamishia vibano nje ya eneo la kukatia, au tumia skrubu zilizozama ndani ya mbao kwenye sehemu ambazo ni taka, na uzichore kwenye faili ili ujue zilipo. Ya pili ni shiti iliyopinda. Weka rula ndefu iliyonyooka juu yake, pima pengo katikati na kwenye pembe nne. Kama sehemu iliyoinuka zaidi imezidi kwa mm 4 pale ulipowekea sifuri ya Z (mahali mashine inapoanzia kuhesabu urefu), urefu wa mm 3 ni ajali inayosubiri. Ibane katikati kwanza au weka mm 6. Hata mm 6 ni bora mno kuliko 25.

Raundi ya mwisho isiyokata kitu

Hili linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu linajirudia kwenye faili nyingi na halionekani kirahisi kwenye simulesheni.

Una plaiwudi ya mm 18. Unataka biti ipenye kabisa, kwa hiyo unaweka kina cha mm 18.3 ili ikwaruze kidogo ubao wa chini. Biti ni ya mm 6, na umeweka kina cha kila raundi mm 6. Programu inagawa hivi: 6, 12, 18, halafu 18.3. Raundi ya nne inazunguka vipande vyote, mzunguko mzima, ikiondoa milimita 0.3. Kama jumla ya mizunguko ya vipande kwenye shiti ni mita 40 na unakata kwa mm 4000 kwa dakika, umelipa dakika 10 kwa ajili ya 0.3.

Dawa ni kuandika 6.1 badala ya 6. Mara tatu ya 6.1 ni 18.3, raundi zinakuwa tatu. Biti haitambui ile sehemu ya kumi ya milimita. Angalizo: baadhi ya programu zina chaguo la kusawazisha kina cha raundi, na watu hudhani limetatua jambo hili. Halijatatua. Linagawa 18.3 kwa nne, kila raundi mm 4.575, na raundi bado ni nne. Daima gawa wewe mwenyewe kina chote kwa idadi ya raundi unayoitaka, ndipo uandike jibu ukiliongezea kidogo sana ili desimali zisikuzidishie raundi.

Na pima unene halisi kwa kalipa kabla ya yote. Plaiwudi inayoitwa ya mm 18 mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Ikiwa ni mm 17.4 na faili inasema 18.3, unachonga ubao wa chini karibu milimita nzima, unapunguza makali ya biti bure, na vipande vidogo vinapoteza sehemu ya kukalia.

Kwenye kazi za 3D kosa hilohilo hujitokeza juu badala ya chini. Mbao imechorwa na unene wa mm 45, iliyopo mezani ni mm 41. Raundi ya kwanza ya kupunguza, pengine na ya pili, zinapita hewani kwa utulivu kabisa. Rekebisha ukubwa wa mbao kwenye CAM, urefu, upana na unene, ulingane na kilicho mezani.

Mpangilio wa safari

Mchoro ukiingizwa kutoka faili ya mchoro ya DXF, matundu mara nyingi hukatwa kwa mfuatano yalivyochorwa. Mchoraji alichora kona ya kushoto, akanakili upande wa kulia, akarudi katikati. Mashine inafuata kila hatua hiyo. Kwenye shiti ya mm 2440 kwa 1220, safari kati ya pointi mbili zilizookotwa ovyo ni karibu mita 1 kwa wastani. Matundu 200 yaliyotawanyika bila mpangilio yanaweza kukutembeza karibu mita 200. Yakipangwa vizuri kwa njia fupi, safari nzima inaweza kuwa mita 17 au 18. Kwa mwendo wa hewani wa mm 8000 kwa dakika, hiyo ni tofauti ya dakika 25 na dakika 2 na kidogo.

VCarve ina sehemu ya kuchagua mpangilio, ikiwemo njia fupi zaidi. Ijaribu pamoja na mpangilio wa gridi na ule wa kushoto kwenda kulia, soma muda wa kila mmoja, chukua mdogo. Hakuna mpangilio mmoja unaoshinda daima. Matundu ya rafu yaliyojipanga kwenye mistari hupendelea mistari, vipande vya maumbo ya ajabu hupendelea njia fupi.

Kwa vipande vingi kuna uamuzi mwingine: kumaliza raundi zote za kipande kimoja ndipo uhamie kingine, au kukata raundi ya kwanza ya vipande vyote, kisha ya pili ya vyote. Njia ya pili inarudia safari zote za hewani mara tatu kwenye mfano wetu wa raundi tatu. Ninapendelea ya kwanza karibu kila mara. Isipokuwa vipande vyembamba au vidogo vinavyoweza kutikisika vikishakatwa jirani zao: hapo kata vyote hadi ibaki ngozi ya mm 0.5 chini, halafu ondoa ngozi mwishoni kwa raundi moja ya haraka. Na kwa njia yoyote ile, mikato ya ndani itangulie ya nje, maana kipande kikishaachiliwa hakiaminiki tena.

Kusawazisha uso wa ubao wa chini pia kuna safari za bure. Kata kwenda na kurudi, siyo upande mmoja kisha kuinua na kurudi mtupu. Na mistari ifuate upande mrefu: kwa hatua ya pembeni (umbali kati ya mstari na mstari) ya mm 20 kwenye ubao wa mm 1200 kwa 2400, mistari ni 60 ukifuata urefu na 120 ukifuata upana, na kila mwisho wa mstari ni kusimama na kugeuka.

Kasi uliyoandika si kasi unayopata

Sasa tuje kwenye mchapuko, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi huandika F6000 (kasi ya mm 6000 kwa dakika) na mashine haifiki hapo hata mara moja siku nzima.

Umbali unaohitajika kufikia kasi fulani ni kasi mara kasi, ugawe kwa mchapuko mara mbili. Milimita 6000 kwa dakika ni mm 100 kwa sekunde. Kwa mchapuko wa mm 500 kwa sekunde ya mraba, unahitaji mm 10 kuifikia na mm 10 nyingine kusimama. Mstari wowote mfupi kuliko mm 20 wenye kona kali pande zote mbili hautaifikia. Mchapuko ukiwa 200, umbali huo ni mm 50. Kazi ya herufi ndogo na mapambo ina mistari mingapi inayozidi mm 50? Karibu hakuna. Ndiyo maana kuongeza F hakubadilishi kitu pale, na kuongeza mchapuko kunabadilisha sana.

Kwenye GRBL, programu inayoendesha ruta nyingi ndogo, mchapuko wa X, Y na Z ni $120, $121 na $122, na kasi za juu ni $110, $111 na $112. Ongeza kwa asilimia 10 kila mara. Baada ya kila ongezeko weka alama ya biti mahali, endesha safari fupifupi za kwenda na kurudi kwa dakika kadhaa, rudi kwenye alama. Ikihama, mota imepoteza hatua. Rudi nyuma asilimia 25 hadi 30 kutoka pale ilipofeli, kwa sababu wakati wa kukata kuna mzigo ambao jaribio la hewani halina. Acha pia kabla ya hapo ukiona kona zinatoka na mawimbi. Huo ni mtikisiko wa fremu, na hakuna namba itakayouondoa isipokuwa fremu ngumu zaidi.

Namba ya $11 inasimamia mwendo kwenye kona. Ilivyo kawaida ni 0.010. Ukiipandisha hadi 0.02, mashine inapita kona kwa kasi zaidi, na fremu inapigwa zaidi. Kwa LinuxCNC, programu nyingine ya kuendesha mashine, kinachofanya kazi ya kulainisha njia ni G64 na namba ya P: G64 P0.05 inaruhusu njia ipotoke hadi mm 0.05 ili isisimame kila kiungo. Faili ikitoka na G61 mahali pake, mashine inashikilia kila kiungo kama ilivyoandikwa na mwendo unadhoofika.

Halafu kuna vipande vidogovidogo vya mistari. Mchoro wa duara uliobadilishwa kuwa mistari ya mm 0.1 ni sumu kwa kidhibiti kidogo. GRBL hutazama mbele takriban mistari 15, na lazima iwe na uhakika wa kusimama mwisho wa mstari wa mwisho inaouona. Mistari 15 ya mm 0.1 ni mm 1.5. Kwa mchapuko wa 500, kasi ya juu inayoweza kusimama ndani ya mm 1.5 ni karibu mm 39 kwa sekunde, yaani mm 2300 kwa dakika. Andika F utakayo, haitazidi hapo. Na waya wa USB kwa kasi ya 115200 unapitisha takriban herufi 11,500 kwa sekunde. Mistari ya herufi 25 ni kama 460 kwa sekunde, kwa hiyo ukomo wake nao hauko mbali.

Tiba ni kuiambia CAM itoe tao halisi za G2 na G3, na kulegeza usahihi wa njia. Kwa mbao, kutoka 0.01 hadi 0.05 hakuna jicho litakaloona baada ya msasa. Kwenye mchoro wenyewe, unganisha nodi zilizorundikana na ubadilishe mistari kuwa tao kabla ya kutengeneza njia.

Ukishajua kasi halisi ambayo mashine inaifikia, linganisha nayo mzunguko wa spindo (mota inayozungusha biti). Unene wa maranda kwa kila jino ni kasi ugawe kwa mizunguko mara idadi ya meno. Biti ya mm 6 yenye meno mawili kwa mizunguko 18,000 na unene wa mm 0.15 inataka mm 5400 kwa dakika. Ikiwa mashine kwa kweli inatembea 2000, unene ni mm 0.056 tu, biti inasugua badala ya kukata, inapata joto, inaunguza ukingo. Shusha mizunguko hadi 12,000 ambapo inataka 3600, au weka biti ya jino moja. Biti yenye makali mazima inakuokolea muda wa kuibadilisha katikati ya kazi.

Biti kubwa kwanza

Mfuko (shimo pana lenye sakafu bapa) wa mm 300 kwa 200 wenye kina cha mm 12: kwa biti ya mm 6, hatua ya pembeni mm 2.7, raundi mbili, ni mita 44 za njia. Kwa mm 3000 kwa dakika ni karibu dakika 15. Kwa biti ya mm 12, hatua ya mm 5.4, ni mita 22, na kwa mm 4000 ni dakika 5 na nusu. Kisha biti ya mm 6 inaingia kwenye kona tu. Lakini kama kubadilisha biti kwa mkono na kuweka sifuri upya kunakuchukua dakika 4, faida inabaki dakika 5, na kwa mfuko mdogo inapotea kabisa. Panga operesheni zote za biti moja zifuatane, ili kila biti iingie kwenye koleti (kishikio cha biti) mara moja kwa shiti.

Njia za kuzungukazunguka kwa vijiduara zinasifiwa sana, na kwa alumini ninazikubali. Kwa mbao, nusu ya kila kijiduara ni kurudi mtupu. Mbao inaruhusu biti kuzama kina sawa na kipenyo chake na kukata mfereji kamili, kwa hiyo mfuko wa kawaida mara nyingi unamaliza kabla.

Miteremko na vishikizi

Kushuka kwa mteremko ni vizuri kwa biti, ila angalia pembe. Kina cha mm 6 kwa nyuzi 2 kinahitaji mm 172 za njia. Kwa nyuzi 10 ni mm 34. Programu nyingi hushuka mteremko kwa kasi ya kutoboa, kwa hiyo kwa mm 500 kwa dakika ni sekunde 20 dhidi ya 4, kila raundi, kila kipande. Plaiwudi na MDF hazilalamikii nyuzi 10.

Vishikizi vinavyozuia kipande kisiruke viwe vya pembetatu, ili Z ipande na kushuka huku X na Y zikiendelea. Vya mraba vinasimamisha mashine mara mbili kwa kila kimoja. Na viwe chini ya kina cha raundi moja, la sivyo vitaingia kwenye raundi mbili.

Umaliziaji wa 3D

Matuta yanayoachwa na biti yenye ncha ya duara yana urefu wa karibu hatua mara hatua, ugawe kwa nusu-kipenyo mara nane. Biti ya mm 6 kwa hatua ya 0.6 inaacha mm 0.015. Kwa hatua ya 0.3 inaacha chini ya 0.004, na muda unazidi mara mbili: kwa uso wa mm 400 kwa 300, kutoka mita 200 za njia hadi 400. Msasa utaondoa yote mawili kwa mikono ileile. Kama umbo linaruhusu, biti ya mm 12 inaacha tuta la 0.015 kwa hatua ya 0.85. Weka mpaka wa njia uishie kwenye umbo, usifunike mbao nzima, na sehemu bapa zipitishie biti bapa.

Takataka za faili

Mwisho fungua faili kwa kihariri cha maandishi. Tafuta M5 na M3 kati ya operesheni zinazotumia biti ileile: spindo inazimwa na kuwashwa bure, kila mara na kusubiri kwake. Tafuta G28 zinazorudisha mashine nyumbani katikati ya kazi. Tafuta G4, amri ya kusubiri: kwenye GRBL namba ya P ni sekunde, kwenye Mach3 (programu nyingine ya kuendesha mashine) inaweza kuwa milisekunde kulingana na mipangilio, na faili ikihamishwa bila kuangaliwa, P5000 inakuwa saa moja na dakika 23 za kusimama. Zirekebishe kwenye posti ya CAM (sehemu inayoandika faili ya mashine), siyo kwenye faili moja, ili kesho zisirudi.

Ukimaliza, pandisha sifuri ya Z mm 30 juu ya mbao na uendeshe faili nzima hewani, spindo ikiwa imezimwa na kidole kikiwa karibu na kitufe cha dharura. Angalia hasa kila safari inayopita karibu na kibano. Ikipita salama, rudisha sifuri, na ukate shiti ya kwanza ukiwa umeshika saa.